Miezi Minne ya Kusafisha Sauti ya Mzee Mkude

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia Mzee Mkude arudie.

Alikuwa ameketi barazani kwake Kinole, ananisimulia enzi zake za kuendesha projekta kwenye gari la sinema la serikali. Alisimulia vizuri mno. Mikono yake ilizungusha mkanda hewani, mkewe Bibi Zena alikuwa pembeni anakwangua maganda ya mdalasini huku akimsahihisha, na katikati ya yote jogoo wa jirani akawika. Mimi nilikuwa na visikilizio masikioni. Nilichosikia ni jogoo tu.

"Samahani mzee," nikasema, "tuchukue tena."

Katika kazi yetu, kila mara unaporekodi tukio inaitwa teki. Siku ile tulichukua teki saba. Ya pili iliharibiwa na bodaboda, ya tatu na upepo, ya nne na Bibi Zena, ambaye nilimwomba kwa adabu zote anyamaze. Ya saba ilikuwa safi. Haikuwa na jogoo wala kikohozi. Mzee Mkude mwenyewe pia hakuwemo, ila hilo sikuliona. Nilishuka mlimani nikiwa na furaha.

Naandika haya kwa wadogo zangu wanaoanza kutengeneza filamu, hasa wanaojifundisha wenyewe kama mimi. Najua watu huandika kumbukumbu za kazi wakishastaafu. Mimi nina miaka sita tu kazini, lakini naogopa nikingoja sana nitaanza kujisimulia vizuri kuliko nilivyokuwa.

Nilianzia studio ya video za harusi pale Morogoro mjini. Kuhariri nilijifunza kwenye simu, nyumbani kwetu Bigwa, kwa kutazama video za mafundi wa mbali na kuzisimamisha kila baada ya sekunde chache nione wamebonyeza wapi. Siku yangu ya kwanza mwenye studio, ambaye wote tulimwita Mama Mkurugenzi, alinikabidhi harusi moja niikate. Kukata ndiko kuhariri kwenyewe: unachagua kipi kibaki na kipi kitoke. Nilikaa nayo wiki tatu.

"Wewe," akaniambia mbele ya wenzangu, "hawa watu watazaa, mtoto atatambaa, na wewe bado unasafisha sauti ya MC?"

"Kuna mvumo kidogo, mama."

"Bibi harusi hatafuti mvumo. Anatafuta shangazi yake alikaa wapi."

Wenzangu walicheka. Nami nikacheka, kisha nikarudi kusafisha. Nilikuwa nikiita tabia hiyo kupenda ubora. Ukweli ni kwamba sikusoma chuo, na niliamini kila kasoro ndogo ingemwambia mtazamaji hivyo.

Mwaka wangu wa nne alikuja Mratibu wa mradi mdogo wa sanaa, mwanamama mpole mwenye haraka. Alitaka filamu ya dakika ishirini kuhusu jinsi sinema ilivyofika Morogoro na milimani Uluguru. Mama Mkurugenzi akaninyooshea kidole. "Chukua huyu. Atakuchelewesha, lakini hatakudanganya."

Nilijiandaa kwa kutazama kila filamu niliyoipata inayosimulia historia ya filamu. Ziko nyingi, za nchi mbalimbali, na karibu zote niliona zina picha moja: ukumbi wa giza, watu kimya, nyuso zimeinuliwa, mwanga unazipiga. Niliipenda picha hiyo mpaka machozi. Nikaandika kwenye daftari: watazamaji kimya, nyuso, mwanga. Kisha nikaanza kumtafuta mtu wa kunipa maneno ya kuendana nayo, na watu wa Mkuyuni wakanielekeza kwa Mzee Mkude.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu. Kaa."

Nikamweleza ninachotaka: anisimulie ule utulivu, watu wakitazama kimya.

"Kimya?" akauliza. "Nani alikuwa kimya?"

Ndipo aliponieleza kazi ilivyokuwa. Gari la sinema lilikuwa na watu wawili. Mmoja aliendesha projekta, mwingine alikuwa msimulizi, anayesimama na kipaza sauti na kueleza kwa Kiswahili filamu ambayo ilizungumza Kiingereza. Safari moja, Mkuyuni, msimulizi akashikwa na homa. Watu walikuwa wamekwisha kukaa. Mzee Mkude, wakati huo kijana kama mimi, akashika kazi zote mbili.

Hicho ndicho kisa nilichokiharibu kwa teki saba. Katika teki ya kwanza kilikwenda hivi.

"Filamu ilihusu kuchimba choo," Mzee Mkude alisema. "Kiingereza chenyewe nakisikia nusu. Nikaona yule mchimbaji anatoka jasho, nikamhurumia. Nikamwita shemeji. Nikasema shemeji yetu amechumbia kule Matombo, wakwe wamegoma mpaka awe na choo. Basi watu wakaanza kumshauri."

"Kumshauri mtu wa kwenye pazia?"

"Wote. Bibi yako huyu, wakati huo msichana tu, alimwambia aachane nao, atafute mke mwingine."

"Sikusema hivyo," Bibi Zena akadakia bila kuinua macho. "Nilisema jembe lake bovu. Wewe ndiye uliyesikia habari za mke."

"Mkanda nao ukakatika. Ukikatika unauunga kwa gundi, na lazima ungoje ikauke. Kwenye giza nikaendelea kusema. Picha iliporudi shemeji alikuwa ameshamaliza choo, ananawa mikono, na mimi huku nimemwacha bado anabishana na mkwe. Nikatafuta njia ya kumfikisha."

Nyuma ya watazamaji, siku hiyo ya Mkuyuni, alikuwepo Bwana Mkaguzi wa magari ya sinema, aliyekuja kuangalia kazi bila kutoa taarifa. Baadaye akamwita kando.

"Mkude, filamu ya choo inachekesha wapi?"

"Hapa Mkuyuni, bwana mkaguzi."

Akapewa barua ya onyo. Lakini kabla ya kuingia kwenye gari, Bwana Mkaguzi alimuuliza kama yule shemeji mke alimpata.

Hayo yote yalikuwa na jogoo katikati, na sauti za wazee wawili zikipandana. Kwa hiyo nikayatupa.

Nilipokuwa naondoka, Bibi Zena alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuzungusha maneno. "Mjukuu, hii itakamilika lini? Babu yako ana presha ya macho. La kulia limeshakwisha, la kushoto daktari anasema linakwenda. Maisha yake yote amewaonyesha watu sura za wengine. Hajawahi kujiona yeye. Anataka ajione."

"Wiki tatu, bibi."

"Wiki tatu sawa."

Nilikaa nayo miezi minne. Nataka kuwa mkweli hapa kwa sababu ni rahisi kusingizia umeme au mvua za masika. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Ni mimi niliyekuwa nikikata pumzi za Mzee Mkude moja moja. Nilibadilisha rangi ya ukuta wake mara kumi. Kila Ijumaa nilisema Jumatatu. Bibi Zena alipiga simu mara mbili, akaniuliza hali ya mama yangu na hali ya kazi, na mara zote mbili nilimwambia imebaki kidogo. Mara ya tatu hakuniuliza kitu.

"Njoo na hicho ulichonacho," alisema. "Hata kama ni kibichi. Njoo kesho."

Mama Mkurugenzi alinipa projekta ya studio. "Nenda," alisema, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Nilifika saa nane mchana. Majirani walikuwa wamekwisha kutundika mablanketi kwenye madirisha ya sebule, na shuka jeupe lilikuwa ukutani. Mzee Mkude aliketi hatua mbili kutoka kwenye shuka. Akaomba asogezwe. Akaomba tena.

Filamu yangu ikaanza. Watu wote wakatulia, nyuso juu, mwanga ukiwapiga. Ilikuwa picha ileile niliyoipenda, na nikajikuta siipendi. Walikuwa kimya kama watu wanaongojea hotuba iishe.

"Huyo anayesema ni nani?" Mzee Mkude akauliza.

"Ni wewe, babu."

"Mbona anasema kama anasoma risala?" Akainamisha kichwa, anatafuta kwa jicho la kushoto. "Naona kitu cheupe. Kinatikisika."

"Kanzu yako," Bibi Zena akasema.

"Na wewe uko wapi? Nakusubiri unikatize."

Nikasema, "Bibi nilimtoa. Sauti zenu zilipandana." Nikasimamisha filamu, nikafungua teki ya kwanza kwenye kompyuta kama ilivyo, haijaguswa, na nikaiacha ikimbie.

Jogoo akawika. Mzee Mkude akacheka kabla ya mtu yeyote. Ilipofika kwenye jembe bovu, Bibi Zena wa kwenye shuka na Bibi Zena wa sebuleni wakasema pamoja, na sebule nzima ikaanza kubishana ni nani alisema kweli siku ile. Kisha Bibi Zena akasogeza mkeka wake, akamshika mumewe mkono, akaanza kumweleza anachokiona.

"Sasa umekunja uso. Unajifanya mkubwa. Sasa mikono inazunguka, unafunga mkanda. Hapo umenitazama."

"Nimekutazamaje?"

"Kama mtu anayetaka chai."

"Ongopa tu," Mzee Mkude akasema. "Mimi hapa sioni. Nitajuaje?"

"Ndiyo hivyo. Utanisikiliza mimi."

Alijiona kwa njia hiyo, kwa maneno ya mkewe na kivuli cha kanzu. Sura yake hakuiona. Kama ningekwenda baada ya wiki tatu, angeiona, Bibi Zena aliniambia hivyo kwa upole nilipomuuliza, kwa sababu nilitaka kujua na yeye si mtu wa kudanganya. Mwezi wa kwanza alikuwa bado anahesabu kuku uani.

Nilikata filamu upya kwa siku tisa, kutoka kwenye teki ya kwanza. Mratibu aliipokea, akasema sauti ina fujo kidogo, kisha akacheka mpaka mwisho. Mzee Mkude aliisikiliza barazani kupitia spika ndogo, jicho la kushoto likiwa linamwambia mchana na usiku tu.

Bado ni mwoga, na bado kuna siku nasafisha kitu ambacho hakuna atakayekisikia. Lakini sasa hakuna anayeniomba kazi yangu kabla sijaipeleka mwenyewe. Ndani ya wiki moja baada ya kurekodi, ikiwa na kasoro zake zote, naipeleka kwanza kwa yule aliyemo ndani yake, nakaa karibu naye, tunaitazama pamoja.