Uwanja Usio na Jani

Kabla jua halijapanda, bibi wa kando ya mtaro, pale Dunda, huwa keshainama: mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika ufagio wa chelewa. Hufagia mchanga mpaka ubaki na mistari kama nywele zilizotoka kuchanwa, kisha hugeuka akautazama na kusema, "Sasa hapa wanaishi watu." Jani likichipuka hulivuta kwa vidole viwili, taratibu, kama anayetoa mwiba. Adrian, bwana miti wa mradi wa kuzuia mafuriko, alikwishapanda nyasi mara mbili kwenye ukingo wa mtaro ili zishike udongo, na mara zote mbili bibi alizing'oa.

"Shikamoo, bibi. Nyasi zangu ziko wapi tena?" "Marahaba, mjukuu wangu. Nimekusafishia. Majani yanaleta nyoka, na mgeni akipita atasema nyumba hii haina mwanamke." Akamkaribisha chai. Adrian alipoinua kikombe, harufu ikamfanya achungulie nyuma ya jiko: kichaka cha mchaichai, kimefagiliwa pande zote, hakijaguswa hata jani. Wiki iliyofuata alirudi na miche ya mchaichai mitupu, akaipanda ukingo mzima. Mvua za masika zilipokuja, mtaro ulijaa pomoni na ukingo haukumeguka. Bibi alikuwa nje na kanga yake kichwani, ufagio juu, akimfokea dereva wa bodaboda aliyetaka kukatiza: "Wee! Utanikanyagia chai yangu!"