Chumba Ndani ya Boksi la Sabuni

Nilipewa somo la kutengeneza jukwaa kwa sababu nilikuwa na nyundo. Mkuu wa chuo chetu, chuo kidogo cha harambee nje kidogo ya Kabati, aliuliza kwenye mkutano wa walimu ni nani ana vifaa vya useremala nyumbani. Nikainua mkono nikidhani anataka kuazima. Muhula uliofuata jina langu lilikuwa kwenye ratiba: maigizo, upande wa jukwaa. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Jukwaa lenyewe lilikuwa meza nane za bwalo la chakula zilizofungwa pamoja kwa kamba ya katani, na mwigizaji asiyeangalia miguu yake alizama kati ya meza ya nne na ya tano.

Nililipenda somo hilo. Tulishona magunia, tukayapaka uji mzito wa unga ili yakaze, kisha tukayachora kwa udongo mwekundu, majivu na masizi ya sufuria. Wanafunzi wangu wengi walikuwa watu wa kanisa, wengine wazazi tayari, na walipenda kujaza. Ukimwambia mmoja achore duka, anakuletea mpaka bei ya chumvi. Niliwakaripia kila wiki. Punguzeni, niliwaambia, mtazamaji naye ana akili, mwachieni kazi kidogo.

Mke wangu alifariki likizo ya Agosti, kwa homa ya siku nne. Nasema hivi kwa sababu hata wakati ule nilisema hivi, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. Chuo kilileta lori zima la wanafunzi kwenye mazishi. Akina mama wa mwethya, kile kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi, walitoa viti vyote vya nyumba nje ili waombolezaji wapate pa kukaa, kama inavyofanywa kwetu.

Mambo yalipokwisha, mama mkwe alimchukua binti yangu wa miaka mitano akaenda naye kwake Kanyangi. Hakuniambia mwenyewe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawazungumzi ovyo. Alimtuma shemeji yangu aniambie kwamba nikishaweka nyumba sawa niende nimchukue mtoto, na nisikawie, kwa sababu mtoto akizoea mahali anakuwa wa hapo. Nikasema sawa.

Jumatatu chuo kilipofunguliwa nilikuwa darasani. Sikulia. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, nami nikazipokea sifa hizo, ingawa ukweli ni kwamba hapakuwa na kitu cha kukaza. Nilikula nimesimama. Nililala, nikaamka, nikasahihisha madaftari. Kila nikiikumbuka Kanyangi nilijiambia kwamba nyumba bado haijawa sawa, na ungeniuliza ina kasoro gani nisingekuwa na jibu. Muhula ukasonga hivyo.

Mwezi wa Novemba niliwapa wanafunzi zoezi: kila mmoja aniletee, ndani ya boksi la sabuni, chumba ambamo mtu ameondoka. Sikuwaza lolote nilipolitoa. Lilikuwa kwenye daftari langu la mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nafuata daftari.

Waliniletea vituko. Mmoja aliweka jeneza, mwingine malaika amening'inia darini kwa uzi. Wa mwisho alikuwa mwanafunzi mmoja mtu mzima, mama wa watoto wawili kutoka upande wa Kiboko, mtaratibu, ambaye mara nyingi nilisahau kama yupo. Boksi lake lilikuwa na sakafu ya udongo mwekundu, meza moja, na kalenda ukutani. Kutoka mezani hadi mlangoni kulikuwa na mikwaruzo sakafuni, ya vitu vilivyoburutwa.

"Hii haijaisha," nikamwambia. "Viti viko wapi?"

"Viko nje, mwalimu. Si vilitolewa vya wageni?"

"Wageni huenda. Mtu hurudisha viti vyake."

Aliangalia boksi lake, hakuniangalia mimi. "Mimi nilidhani nyinyi hamrudishangi, kwamba ni desturi ya huku. Juzi nimepita hapo kwako nikienda kusaga. Bado viko nje. Kuku ametaga kwa kochi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ilikuwa kweli. Wale akina mama walikuwa wanangoja niwaite, kwa sababu hawawezi kujiingilia tu katika nyumba ya mwanamume aliyefiwa. Mimi nilikuwa nangoja waliotoa waje warudishe. Miezi mitatu nilikuwa nikipita katikati ya viti hivyo kwenda mlangoni kwangu, mimi niliyelipwa kufundisha watu kutazama chumba. Niliona aibu, aibu kali, na ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu Agosti.

Mchana ule ule darasa lote lilikuja kwangu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na kochi lilishaoza, tukalitupa. Vilivyobaki wakavifuta, wakaviingiza. Yule mama wa Kiboko alisimama sebuleni ameshika kigoda kidogo cha miguu mitatu.

"Hiki cha mtoto kilikuwa kinakaa wapi?"

Sikujua. Nilimwambia akiweke popote.

Ijumaa hiyo nikaenda Kanyangi. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta pojo, na aliponiona akanipa bega, kama ilivyo heshima. Binti yangu akaja, akanipa mkono, akaniuliza habari ya safari. Alikuwa amefundishwa vizuri. Kisha akarudi kucheza na binamu zake nyuma ya ghala.

"Nilituma ukaambiwa usikawie," mama mkwe alisema, akiutazama ungo. "Kila Ijumaa huyu alikuwa anaoga saa nane, anavaa viatu, anaenda kukaa hapo kwa njia mpaka basi ipite. Mimi sikumwambia avae." Akapuliza makapi. "Na sikumwambia aache."

Nikauliza aliacha lini.

"Mwezi wa kumi."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa pekupeku, anaruka kamba, na hakugeuka kuangalia kama bado nipo. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mama mkwe, naye akageuka kabisa akaupa ukuta uso ili nimalize.

Binti yangu alisoma Kanyangi mpaka akamaliza darasa la nane. Kwangu alikuja likizo, wiki mbili mbili, na kila mara aliomba ruhusa kabla ya kufunua sufuria.