Chupa za Rafu ya Chini

Kiraka hakuwa mtu wa kutupa kitu. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana kitambaa kikishapita kwenye cherehani yake, hata kipande cha upana wa kiganja kilipata kazi: kola, mfuko wa ndani, kitako cha suruali ya mtoto mtundu. Magunia ya vipande yalijaa sebuleni hadi mumewe akawa anapita kwa ubavu. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa mafriji, mtaa mzima ukimwita Baridi. Friji ya nyumbani kwao aliiunda kwa vipuri vya friji tatu zilizokufa, nayo ilikoroma kama mzee aliyeshiba.

Walipata mtoto wao wa kwanza wakati watu walishachoka kuwauliza. Hospitalini muuguzi alimchoma kisigino, akakamulia matone ya damu kwenye karatasi nene, kama wanavyofanyiwa watoto wote pale. Walikuwa wamesharudi nyumbani, Kiraka ameanza kuonja raha ya kunyonyesha, simu ilipolia. Kipimo kilikuwa na walakini.

"Huenda mwili wake hauwezi kuvunja sukari iliyo kwenye maziwa," daktari aliwaeleza walipofika. "Ikiwa ndivyo, maziwa ya mama yatamdhuru ini. Huenda pia hana neno, kipimo cha kwanza hukosea. Tumechukua damu nyingine. Mpaka jibu litoke, mpeni maziwa ya soya tu."

"Na yangu je?" Kiraka aliuliza.

"Endelea kukamua yasije yakakauka. Ukishakamua, mwaga."

Kati ya watu wote, wa kuambiwa mwaga akawa yeye! Alikamua kama alivyoagizwa, mtoto akilia chumba cha pili na kifua kikimwitikia kwa kulowesha blauzi. Chupa ilipojaa alisimama nayo mbele ya sinki, mkono ukagoma. Itakuwaje jibu likitoka zuri, naye ameshamwaga haki ya mtoto? Akaifunika, akaiweka kwenye friji, rafu ya chini. Ikafuata nyingine, na nyingine. Soya iliyokorogwa ilikaa rafu ya juu, kwenye chupa za aina ileile. Mwanamke asiyekata kitambaa bila kukitia chaki hakuzitia chupa zile alama yoyote. Ya nini, wakati yeye anajua?

Kila asubuhi alimpeleka mtoto dirishani, akamfunua kope kuangalia kama macho yamepiga umanjano. Kila mtoto alipocheua, mama mtu moyo ulimlipuka. Mtoto naye soya hakuipenda; aliinywa kwa kukunja uso, kama mteja aliyeletewa nguo isiyo yake.

Mchana mmoja Kiraka alipitiwa na usingizi. Alipoamka alichukua chupa rafu ya juu, akaipasha kwenye maji moto, akamnywesha mtoto huku pazia limeshushwa. Mtoto akafyonza kwa pupa, hakuacha tone. Kiraka alifurahi, kisha ile furaha ikamtia shaka. Akanusa chupa.

"Nani amegusa friji?"

"Mimi," Baridi alijibu kutoka uani, akijifuta grisi. "Ilikuwa inagongagonga. Nikatoa vitu, nikaikaza, nikarudisha."

"Umerudisha wapi?"

Baridi akaangalia chupa, akamwangalia mkewe. "Si zote ni soya? Yale mengine si uliambiwa umwage?"

Kiraka akanyakua khanga. Alimfunika mtoto, wakakimbia hospitali.

Muuguzi alimpima, akamgeuza, akamtekenya nyayo. "Chupa moja," alisema. "Mmefanya vizuri kuja. Kaeni hapa tumwangalie. Akitapika au akilegea, niiteni."

Walikaa kwenye benchi, mtoto katikati ya mapaja yao, wakimkodolea macho hata akaona haya akalala.

"Mimi ndiye niliyeambiwa nimwage," Kiraka alisema.

"Na mimi ndiye nisiyeweza kuiacha friji ikakoroma kwa amani," Baridi alisema.

Mtoto hakutapika. Jioni waliruhusiwa, na Kiraka hakuvua hata viatu. Alizitoa chupa zote, Baridi akifungua vifuniko, yeye akimimina, machozi yakimtiririka pamoja na maziwa. Hakubakiza hata moja.

Kesho yake asubuhi daktari akapiga simu. Kipimo cha pili kilikuwa safi. Mtoto hana ugonjwa ule, anyonye.

"Nimeyamwaga jana," Kiraka alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hajakimaliza.

"Si ndivyo nilivyokuambia?" daktari aliuliza, asielewe.

Kiraka aliketi juu ya gunia la vipande, akafungua blauzi. Mtoto, aliyekwisha kuzoea chupa, aligeuza uso akalalama. Mama mtu akaingiwa na hofu mpya, kwamba amechelewa. Akambana kifuani, akamdondoshea tone mdomoni. Mtoto akanyamaza, akaonja, akatafuta, akakamata.

Maziwa yalikuja kwa kasi kuliko alivyoweza kumeza. Yalimchuruzika shavuni, yakalowesha gauni na gunia. Baridi akaleta kitambaa.

"Acha," Kiraka alisema. "Acha yamwagike."