Nilitoa ushuhuda wa kazi ambayo Mungu alikuwa hajanipa

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu nikiwa Kampala.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Sijatia chumvi, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha ilivyo, ingawa nilishawishika kuiondoa.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nina diploma, na nimefanya kazi Doha miaka saba. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Baba alikuwa askari wa cheo cha chini, na Kiswahili hiki nilikipata kambini. Nyumba yangu ya Kasubi niliijenga nikiwa huko huko Doha, kwa simu, na haina ufa. Anayebisha aje aangalie.

Mwaka jana nilikuja likizo. Binti yangu Daniela, miaka sita, akaja sebuleni, akanisalimu kwa adabu, kisha akamuuliza mama yake, "Anko atalala hapa?"

Nikaamua sirudi Doha.

Bosi wangu wa huko, mtu muungwana, akasema atanishikilia nafasi kwa miezi sita. Kwa hiyo nilikuwa na miezi sita ya kupata kazi Kampala. Nikaona ni mingi mno kwa mtu wa aina yangu.

Nikaomba kazi kwenye kampuni moja kubwa ya viyoyozi. Wakanifanyia usaili, wakasema watapiga simu.

Tunasali kanisa dogo la Kiswahili, Old Kampala. Wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo. Kuna kikundi cha waombaji kinachoongozwa na Mama Zawadi, muuza samaki. Ana daftari. Ukiwa na shida jina lako linaandikwa humo, na kila siku saa saba mchana, watu wengine wakila, wao wanaomba jina kwa jina.

Nikaandikwa. Wiki ya tatu nikachoka kusubiri.

Nilikuwa nimesikia mahubiri kwamba mwenye imani hushukuru kabla hajapokea. Basi Jumapili nikaenda mbele na suti ya Doha, nikasema, "Mungu amenipa kazi. Nafasi kubwa. Injinia."

Kanisa likalipuka. Vigelegele, vitambaa hewani. Mke wangu Grace alikuwa akipiga makofi huku akinitazama kama mtu anayesoma mwandiko wa daktari.

Nyumbani akaniuliza, "Wamekupigia lini?"

Nikamwambia hiyo ni imani.

"Sawa," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Miezi ikapita. Kila Jumapili: "Papa Daniela, kazi inaenda aje?" Nami: "Tunamshukuru Mungu." Si uongo. Kumshukuru nilikuwa namshukuru.

Mwezi wa tano kati ya ile sita, bosi akaandika. Tiketi iko tayari, anataka jibu Ijumaa.

Jumanne nikamfuata Mama Zawadi sokoni Kasubi. Nilienda kulalamika, nisiwadanganye. Nikamuuliza wananiombeaje miezi yote hii na mbingu hazisikii.

Akafuta mikono, akatoa daftari. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mnyoofu.

"Papa Daniela, wewe ulishashuhudia. Tungeomba nini tena? Tulikuhamisha kwa wale wa shukrani."

"Kwa hiyo miezi yote hii hakuna aliyeniombea?"

"Tulikuwa tunashukuru juu yako kila siku. Sana hata."

Ikabidi niseme ukweli. Alicheka mpaka muuza nyanya wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

"Ee Yesu! Injinia hana kazi! Na mimi friza yangu imekufa wiki tatu, nanunua barafu kila asubuhi. Nilikuwa naona haya kukuita, mtu mkubwa kama wewe!"

Friza yenyewe ndiyo niliyokuwa nimeiegemea.

Nikaikagua palepale. Bomba lilikuwa na kitundu, gesi imeisha. Jumatano nikarudi na vifaa, nikaziba, nikajaza. Kabla ya jioni ilikuwa inagandisha. Kazi safi, kama kawaida yangu.

Ijumaa ikafika nikiwa na mteja mmoja na tiketi moja.

Nikamwambia Grace sioni mbele, siwezi kuahidi chochote. Akasema, "Sasa ndiyo umeanza kuomba."

Tukapiga magoti hapo jikoni. Sikumpangia Mungu tarehe. Tulipoinuka nikamwandikia bosi: asante, sirudi.

Jumapili nikaenda mbele tena, nikafuta ushuhuda wangu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji akasema amina kwa sauti ndogo. Jina langu likarudi daftarini, mwisho kabisa, chini ya mtu mwenye jino bovu.

Lakini ibada ilipoisha, mwenye bucha akanishika mkono. Halafu mama wa maziwa. Halafu mwenye duka la soda Kikuubo. Wote walikuwa na mashine mbovu, wote walikuwa wananiogopa.

Leo nina karakana yangu, na mafundi wawili chini yangu. Ile kampuni mpaka sasa haijapiga simu.

Nilichojifunza: nilidhani kusubiri ni kukaa nikiangalia simu, na imani ni kumtangazia Mungu amefanya nini. Kumbe alikuwa ananiongoza kupitia watu niliokuwa nakaa nao benchi moja, na mimi nimewafungia mlango kwa kujifanya nimeshapata. Diploma haikunisaidia kuliona hilo.

Karibuni mchangie, hata wa kunicheka. Ila wewe unayesubiri jambo sasa hivi, utuambie: kuna mtu yeyote kanisani kwako anayejua kwamba bado hujapata?