Kamba wa Sukari

Juzi ndani ya basi la London, ghorofa ya juu, kijana mmoja aliyekaa mbele yangu alifungua boksi lake la chakula. Ikatoka harufu ya siki, tangawizi na sukari iliyoungua kidogo, na vioo vikaanza kutoa jasho. Abiria wengine walikunja nyuso. Mimi nilishuka kituo kimoja kabla ya changu. Si kwa kinyaa. Mkono ulikuwa umekwisha kukamata mkoba na miguu imesimama, na nilipokuja kutanabahi nilikuwa barabarani, basi linaondoka. Sikulia wala sikusikitika. Harufu ile hainifanyi lolote siku hizi, hunisimamisha tu. Na kwa kuwa nimeshashuka, na njia ya nyumbani ni ndefu, nitakuelezeni ilianzia wapi.

Tulikuwa tumehamia Thamesmead, hata mwaka haujatimia. Kabla ya hapo tulikaa Edmonton, ambako watu wa Pemba na Unguja walikuwa wengi kiasi kwamba ukipiga chafya ndani mwako, kuna mtu angekuombea dua kutoka nyumba ya pili. Thamesmead kulikuwa na ghorofa, kulikuwa na ziwa, kulikuwa na mabata bukini wenye hasira za bure. Mtu wa kwetu hatukumjua hata mmoja. Baba alikuwa akifanya kazi ghalani, Mama akihudumia wazee majumbani kwao. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Seif kumi na miwili, na sote wawili tulisemeshwa Kiswahili tukajibu Kiingereza. Baba alikuwa akisema nyumba yake ina redio nne, mbili zimekamata kituo kingine.

Jumamosi moja alfajiri simu ililia kutoka Wete. Bibi Mize, mama yake Mama, alikuwa amefariki. Nakwambieni mapema tusifichane, maana sisi watoto tulifichwa. Bibi huyo sikuwahi kumwona kwa macho. Nilimjua kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa na swali moja tu kila tulipopewa simu tumwamkie: "Leo mmekula nini?" Ukimjibu mkate na maharage ya kopo, alisema, "Mungu atawapeni."

Kwenda kuzika haikuwezekana. Karatasi zetu zilikuwa bado ziko kwa watu wa uhamiaji, na mwenye karatasi zilizo huko akitoka nchini harudi. Hata angekuwa nazo mkononi, Pemba maiti hangojewi. Aliyekufa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Kwa hiyo Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, akitazama mlango wa kabati. Nilipita mara kadhaa nikamwona katika mkao uleule. Nilimwuliza kama naweza kula biskuti kabla ya chai, akasema ndiyo. Hapo niliogopa kidogo, maana Mama hakuwahi kukubali jambo hilo tangu nizaliwe.

Sasa kwetu, mfiwa hapiki. Jiko la nyumba yenye msiba huwa si kazi ya mwenye msiba. Majirani ndio wanaopika, masufuria huja yamefunikwa, na asiye na cha kupika huleta japo kibaba cha mchele. Baba alikuwa mtu wa kuishika mila kwa mikono miwili. Asubuhi ile aliwapigia wa Edmonton, wakampa pole za dhati, wakasema watakuja Jumapili kwenye khitma, kumsomea marehemu. Siku ya Jumamosi kila mtu alikuwa na zamu, na kutoka kwao mpaka kwetu ni safari ya kuivuka London nzima. Wahenga wamesema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Wahenga hawakupata kukaa Thamesmead. Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye mbwa, na hatukuwa tumejuana zaidi ya kutikisiana vichwa kwenye lifti.

Baba akazunguka jikoni. Alifungua makabati, akayafunga, akayafungua tena kama kwamba katika kuyafunga wangeingia mashangazi humo na masufuria yao. Yeye mwenyewe hakujua kuchemsha hata yai. Hatimaye akatoka, akasimama ukumbini na koti lake, akasema, "Vaeni. Leo jiko lipumzike. Tunakwenda kula kwa Wachina."

Niliruka. Msichana mmoja wa darasani kwetu alikuwa amefanyiwa siku yake ya kuzaliwa kwenye mkahawa wa Kichina, na alitusimulia juu ya meza zake za duara zenye kioo kinachozunguka, chakula kinakujia chenyewe. Nilikuwa nimeombaomba kwa miezi. Baba hakujua mkahawa mwingine wowote, alijua huo tu kwa sababu ya kelele zangu, na ndio akaushika. Mimi nikaamini ombi langu limekubaliwa. Mama alivaa koti lake akafunga vifungo upandeupande, hakuna aliyemwambia.

Mkahawa wenyewe ulikuwa juu ya duka la viatu, ngazi zake zikinata. Ndani hamkuwa na watu. Taa nyekundu zilikuwepo, nusu yake haziwaki. Meza ya duara ilikuwepo pia, na kioo chake kilizunguka, ila kilikuwa na pahala kinakwama, mpaka ukisukume kwa nguvu, na ukikisukuma kwa nguvu kinakupita. Seif alikisukuma, sosi nyeusi ikamwagika juu ya kitambaa cha meza. Sote wawili tukamtazama Mama, tukingoja kipigo cha jicho. Mama alikuwa anaitazama sosi inavyoenea.

Baba alimhoji mhudumu, kijana aliyechoka, juu ya nyama. Kuku amechinjwa na nani? Mafuta ya nini? Kuna pombe humu? Kijana alirudi jikoni mara tatu kuuliza, na mwishowe ikabainika kuwa tunaloweza kula ni wali mweupe, tambi, mboga na kamba. Seif alitaka kuku, akanuna. Chakula kilipokuja kilikuwa vuguvugu. Wali haukuwa na nazi wala chumvi. Tambi, ambazo kwetu hupikwa kwa sukari na iliki na kila mtu mwenye akili timamu anajua hivyo, zilikuwa za chumvi. Kamba, ambao Mungu amewaumbia ndimu na pilipili, walikuwa wamepikwa na sukari, wamelala ndani ya uji mwekundu wa rangi ya kucha. Nilimtia mmoja kinywani, nikamtema kwenye karatasi. Kile nilichokiombea kwa miezi kilikuwa mbele yangu kinazunguka na kukwama, na sikukitaka tena. Nakumbuka nilijisikia mtupu, basi.

Mama alikuwa ameiweka simu yake juu ya kile kioo, karibu na birika la chai. Seif akasukuma tena. Simu ikapita mbele ya Baba, ikaja kwangu, na hapo ndipo ilipolia. Nikapokea. Alikuwa Mjomba Hamadi, kaka yake Mama, kutoka Wete.

"Mpe mamako, mwanangu," alisema, taratibu sana.

Nyuma yake nilisikia upepo, na wanaume wengi wanasema jambo moja kwa pamoja kwa sauti ya chini, na jembe likikwangua udongo. Nikadhani wako shambani. Nikampa Mama simu.

Aliibana sikioni, akainamisha kichwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba Mjomba aliiacha simu wazi pale kaburini ili Mama asikie talkini, maneno ya mwisho anayosomewa maiti, ikisomwa. Angekuwa Wete asingeisikia, kwa sababu wanawake hubaki nyumbani wakati wanaume wanazika. Aliyekuwa mbali kuliko wote ndiye aliyesogezwa karibu kuliko dada zake wote. Kijana mhudumu alikuja kuuliza kama kila kitu ni sawa, Baba akamwinulia kiganja, kijana akabaki amesimama na daftari lake. Sisi tulikaa. Kioo kilikuwa kimekwama. Kisha Mama akasema, "Alhamdulillahi. Haya, Hamadi. Haya," akaitia simu mkobani.

"Mama Seif," Baba alisema. "Kula. Japo matonge mawili."

Mama alimtazama Baba. Kisha akachukua chai ya kwenye kikombe chake, akaimimina kidogo juu ya vidole vya mkono wa kulia, sahani ikakinga. Akavuta wali, akavuta kamba, akala kwa mkono, pale pale mkahawani. Mimi niliona haya, nikatazama kama mhudumu anatuona. Akala tonge la kwanza, na la pili, na hakusita. Alimaliza wali wake, akamaliza tambi, akawamaliza kamba wote na ule uji wao mwekundu akaufuta kwa tonge la mwisho. Hakuonyesha kufurahi wala kuchukia. Alikula kama anavyokunja nguo.

Baba hakula kitu. Alikuwa akimwangalia. Na uso wake, uliokuwa umekazana tangu alfajiri, ukalegea kidogo. Kwenye basi la kurudi alituinamia mimi na Seif akatunong'oneza, "Mmemwona mamenu alivyokula? Amekipenda."

Siku ya pili watu wa Edmonton walikuja, chumba kikajaa udi na viatu, na bibi mmoja akanishika kidevu akanipa pole kwa kufiwa na bibi yangu. Ndivyo nilivyoambiwa kuwa amekufa. Nikaunganisha mambo kwa akili ya miaka tisa: Mama alikuwa na huzuni, chakula cha Wachina kikamtuliza. Ilikuwa hesabu safi, na nyumba nzima tuliishi nayo.

Basi ikawa ndiyo desturi. Karatasi zetu zilipotoka, Baba alirudi na mfuko unaonukia siki na tangawizi. "Nimekuletea chakula chako, Mama Seif." Sikukuu ya pili ya kila Idi, chakula chake. Mimi nilipomaliza chuo, chakula chake. Sisi tulikula kuku na chipsi, yeye akawekewa boksi la kamba wa sukari, akanawa, akala mpaka chini. Tulimtania sana. Seif alikuwa akisema Mama ana Uchina wake moyoni hajatuambia. Mama alitabasamu, Baba akacheka kuliko sote, na alikuwa hatoki mezani mpaka aone boksi tupu.

Baba alifariki mwaka jana, majira ya baridi. Thamesmead ya sasa si ile. Siku ya kwanza tu masufuria yalianza kuja kabla hata hatujawaita watu: wali wa nazi, mchuzi wa pweza, mikate ya kumimina, na mama mmoja wa Kinijeria wa ghorofa ya juu akaleta wali wake mwekundu wenye pilipili ya kumtoa mtu machozi kwa sababu nyingine. Jiko letu halikuwashwa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda. Kila sahani aliionja kidogo, akashukuru, akaisogeza.

Nikajua dawa yake. Siku ya pili nilitoka peke yangu, nikaenda nikanunua, nikarudi na mfuko. Nikaufungua mbele yake.

"Mama, nimekuletea chakula chako."

Alilitazama lile boksi muda.

"Liondoe, mwanangu," alisema. "Linanichafua roho."

"Si chakula chako hiki?"

"Chakula changu tangu lini? Tambi za chumvi, kamba wa sukari! Mimi nna wazimu?"

Nilidhani ni msiba unaozungumza. Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu, siku ile ya juu ya duka la viatu, akimaliza mpaka uji. Nikamwambia na miaka yote iliyofuata nilimwona. "Mbona ulikuwa ukila, Mama?"

"Babako alikuwa akiniangalia."

Nikakaa chini. Akawa anaongea bila kunitazama, anatazama mlango wa kabati. Kwamba siku ile Baba hakuwa na shangazi wa kumwita wala jirani wa kumbishia hodi. Kwamba yeye alimsikia Baba akifungua makabati na kuyafunga. "Mtu mmoja alijifanya mtaa mzima," alisema. "Kile kilikuwa chakula changu cha msiba, na chakula cha msiba hakirudishwi. Baadaye akafurahi. Akawa anakileta kwa furaha. Ningemwambia lini?"

Nililichukua boksi nikalipeleka jikoni. Nilikusudia kulitupa. Humo jikoni, kati ya masufuria ya watu yaliyofunikwa, nikamkumbuka Baba alivyokuwa akingojea mezani, na nikaelewa kwamba katika miaka yote ile sijapata kumwonja tena hata kamba mmoja tangu yule niliyemtema kwenye karatasi. Nikanawa mkono wa kulia. Chakula kilikuwa kibaya kama siku ile, vuguvugu, kitamu pasipotakiwa utamu. Niliposikia sakafu inalia niligeuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea, ananiangalia.

Nikala mpaka nikamaliza.