Siku Niliyomkatiza Baba

Baba alipata kiharusi akiwa Loitokitok, shambani kwake, na kaka yangu mdogo akaamua kumleta kwangu Kitengela kwa sababu hapa hospitali iko karibu. Sikuulizwa. Nilipopigiwa simu, walikuwa wameshapita Emali.

Nilimtandikia kitanda katika chumba cha binti yangu. Mume wangu anafanya kazi Namanga na huja nyumbani mwisho wa wiki tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemshika baba mkono kutoka kwenye gari. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelegea. Aliniangalia akasema, "Maitu, umenenepa." Maitu ni mama yangu kwa Kikikuyu. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu darasa la sita, mwaka aliotuacha.

Tuliishi nje kidogo ya mji wa Kajiado wakati huo. Baba alisema anaenda kuangalia shamba la kukodi, na mama akamfungia chapati za safari. Hakurudi. Baadaye mfanyabiashara wa vitunguu aliyetoka Rombo alituambia amemwona baba huko Loitokitok akiwa na mke na mtoto. Mama alimbeba kaka yangu mgongoni, akaniacha kwa jirani, akaenda kujionea. Alirudi peke yake na mtoto. Alianza kuuza maziwa, akatusomesha, akazeeka, akafa. Baba alikuja mazishini akasimama nyuma pamoja na wageni.

Shangazi zangu walikuwa wakiniambia nisahau. Nilijaribu. Lakini nilikuwa mtu wa kushtuka mume wangu akichelewa dakika chache tu, mtu wa kulia jikoni huku maji ya bomba yakimwagika ili watoto wasisikie. Mwishowe nilijiunga na kina mama wa kanisa letu wanaokutana sebuleni kwa mmoja wao. Kila mara mmoja husimulia maisha yake, wengine husikiliza tu. Zamu yangu ilipofika nilisimulia yote, nikashangaa kwamba bado napumua. Mama mmoja mzee akaniuliza, "Na baba yako ashawahi kusikia hii?"

Nikarudi nyumbani na swali hilo.

Basi Jumapili moja, baba akiwa ameanza kupata nguvu, tulikuwa mezani baada ya kanisa. Watoto wangu wawili walimzoea haraka. Binti yangu akamuuliza babu yake kuhusu bibi, "Guka, wewe na shosho mlikuwa mnaishi wapi?"

"Kajiado," baba akasema. "Shosho yenu alikuwa mama mzuri, lakini alikuwa na kichwa ngumu. Nilimwambia twende Loitokitok tulime. Akakataa. Mimi ningefanya nini?"

"Kumbe shosho ndiye alikataa?" kijana wangu akasema.

Niliweka bakuli la githeri chini. 

"Haikuwa hivyo, baba."

"Maitu, hawa ni watoto."

"Ndiyo sababu. Hawatakula uongo juu ya mama yangu katika nyumba yangu."

Nikawaeleza. Sikumtukana. Nilisema nilichokiona: chapati zilizofungwa, yule mtu wa Rombo, mama akirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nilisema jinsi nilivyokuwa nikikaa getini kila jioni, mpaka mama akanikataza. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alijikokota hadi chumbani akafunga mlango.

Alikataa chakula cha jioni, na kesho yake akanywa chai peke yake. Baba akamweleza kaka yangu kwa simu, naye akanipigia akiwa amewaka.

"Unataka kuua mzee? Ako mgonjwa!"

"Dawa namezesha mimi," nikamwambia. "Kuosha namwosha mimi. Hapa atakaa mpaka apone. Lakini mama hatasingiziwa tena."

Alikata simu. Nilitamani kwenda kugonga mlango wa baba na kuomba msamaha, ili nyumba itulie. Sikugonga. Nilimpelekea uji, nikamfanyisha mazoezi ya mkono kama daktari alivyoelekeza.

Siku chache baadaye, tukiwa katika hayo mazoezi, akasema, "Nipeleke kwa mama yako. Na watoto waje."

Mama amezikwa kwenye ploti yetu ya zamani Kajiado. Tulikwenda Jumamosi, mume wangu akiendesha. Upepo ulikuwa mkali na majani yote yamekauka. Jirani, mama wa Kimaasai aliyekuwa akimuuzia mama maziwa ya jumla, alitoka kutusalimia. "Sopa," akasema. "Epa," baba akaitika, na yule mama alipomtambua akarudi kwake.

Baba alisimama mbele ya kaburi akiegemea fimbo. Akawageukia watoto.

"Sikumwita," akasema. "Mama yenu amesema ukweli. Hata siku moja sikumwita aje Loitokitok. Alikuja mwenyewe na mtoto, nikamrudisha."

"Mbona, guka?" binti yangu akauliza.

"Nilikuwa na mwingine. Halafu nikaona aibu kurudi."

Nilitaka kusikia zaidi ya aibu. Nilisubiri. Hakuwa na zaidi, na nikaona kwamba hata nikisubiri mpaka jua lizame hatakuwa nayo. Sikumkumbatia. Nilimshika kiwiko ili asianguke kwenye mawe, tukarudi kwenye gari. Kifua changu kilikuwa chepesi, ingawa si chote.

Baba yuko kwangu bado. Kuna siku tunacheka, kuna siku namwona tu akila na hasira inapanda, nami natoka nje kuanika nguo mpaka ishuke. Silii tena jikoni.

 Wiki kadhaa baadaye kaka yangu alipiga simu mchana mmoja, kwa sauti ya chini.

"Hiyo siku mama alienda huko, ni mimi alikuwa amebeba?"

"Ni wewe."

"Sikumbuki chochote."

"Ulikuwa mdogo sana."

"Basi niambie," akasema. "Anza mwanzo."

Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza.