Gundi ya Ngozi ya Mbuzi

Asubuhi niliyotoka Kongowe sikuwa na safari. Nilipita nyuma ya nyumba ya fundi ili nisimwamkie, nikashika njia ya kwanza iliyoelekea kusini.

Fundi alikuwa mchonga nakshi, mimi mpishi wake wa gundi. Mzungu mwenye shamba la mkonge alitaka sebule yake ifanane na vyumba vya wafalme wa Ufaransa: kuta zote mbao, mbao zote maua, na maua yote dhahabu. Alikuwa na kitabu cha picha. Fundi alikitazama, akachonga miezi saba.

Kabla ya dhahabu, mbao hupakwa chokaa laini iliyochanganywa na gundi. Mzungu alileta gundi ya kopo kutoka kwao.

“Ya mnyama gani, bwana?” fundi aliuliza. Mzungu hakujua. “Basi nitapika ya mbuzi. Ikibanduka, nifukuze.”

“Shemeji,” mpishi wa chakula wa Mzungu alinitania kila siku, “mchuzi wako wa ngozi umekolea chumvi?”

Gundi ya ngozi haichemshwi. Hupashwa moto polepole, kidole kivumilie. Ikitokota, nguvu yake imekwisha. Nilijua. Lakini siku moja kile kitabu kiliachwa wazi mezani, na mimi niliyeacha shule darasa la tatu sikuweza kuipita picha. Niliporudi, chungu kilikuwa kinatokota. Nilikiepua, nikampelekea fundi bila kumwambia.

Fundi alibandika dhahabu, vipande vyembamba kuliko karatasi, kwa brashi ya manyoya, brashi akiipitisha kwanza shavuni ipate mafuta kidogo ya kuvinasa, pumzi ameibana. Ukuta ulipowaka wote aliniita.

“Njoo uone, mwanangu. Mbuzi wa Kisarawe kavaa dhahabu!”

Masika ilipokolea, dhahabu ilianza kubanduka kama magamba ya samaki. Mzungu akamwita. Nilikuwa mlangoni nikamsikia fundi akisema, “Kweli, bwana. Gundi ya mbuzi haifai.” Yeye, aliyeipika maisha yake yote.

Alikusanya patasi zake, akaniambia nisihuzunike, kosa ni lake. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama nimletee maji. Kesho yake asubuhi ndipo nilipoondoka. Alikufa mwaka uleule, nami sikuwa nimerudi.

Siku ya pili ya kutembea, alasiri, nilifika Kurui. Bibi mmoja alikuwa uani, ameinamia chungu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Miguu yote vumbi! Unamfuata nani huku?”

“Simfuati mtu.”

Alininyooshea mwiko. “Kipo chumba cha mwanangu, yeye yuko mjini. Utalala humo. Ila kwanza kaa hapa ukoroge hili tui, lisije likakatika. Naenda kisimani.”

Nilikaa. Mara barabarani watu wakapita mbio, wakipiga vigelegele na kucheka, wamebeba kitu. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Niliangalia chungu, nikakoroga mpaka bibi aliporudi.